Trekta la Njano na Suala la Rangi

Kila anayeingia uani kwangu hapa Mikindani huanza na habari ya rangi. Trekta limesimama chini ya banda la makuti, njano ya boneti imefifia kwa jua, nyeupe ya ringi za magurudumu imeliwa na kutu pembezoni, na mgeni huondoka akiamini kwamba kazi yenyewe haijaanza maadamu rangi mpya haijapulizwa. Mimi naona vingine, na kwa kuwa mvua ya leo imenizuia kushika spana tangu adhuhuri, nimeona niandike kwa nini.

Trekta lenyewe ni Cub Cadet 100, lililotengenezwa na kampuni ya International Harvester ya Marekani katikati ya miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wenye viwanja vya majani na bustani kubwa. Ukoo huu wa matrekta ulianza mwaka 1961, na waliolibuni hawakuanza na karatasi tupu: walichukua giaboksi na ekseli ya nyuma kutoka kwa Farmall Cub, trekta dogo la shambani la kampuni hiyohiyo, wakavifunga kwenye chombo ambacho mtu mzima akikikalia magoti hukaribia usukani. Ndiyo maana matumbo yake ni ya chuma cha kusubu kitupu; na katika modeli hii nguvu hutoka kwenye injini kwenda nyuma kwa shafti badala ya mkanda. Injini ni Kohler K241 ya silinda moja na nguvu farasi 10. Kitu kinachonifurahisha kila ninapokitazama ni starta yake, kwani chombo hichohicho kinachoiwasha injini hugeuka kuwa jenereta ya kuchaji betri mara injini inapoanza kuzunguka.

Lilifika kusini ndani ya kontena la misaada, likakata majani ya uwanja wa misheni moja ya bara kwa miaka mingi, kisha injini ikakamata na likasukumwa nyuma ya ghala. Nililinunua kwa kilo, kama vyuma chakavu, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyokuwa limekwisha kuhesabiwa na wenyewe, na mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshafika kabla yangu.

Mizani hiyo ndiyo iliyonitia katika kazi hii. Mkoa wa Lindi na wa Mtwara ni nchi iliyowahi kushuhudia matrekta mengi zama za Tanganyika. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza waliichagua Nachingwea iwe mojawapo ya vituo vya mradi wao mkubwa wa karanga, wakajenga reli kutoka Mkwaya karibu na Lindi, wakachimba bandari ya kina kirefu hapa Mtwara, na wakaagiza mitambo ya kila namna, ikiwemo vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na reli nayo haikuivuka miaka ya mwanzo ya 1960. Nimewahi kuzunguka Nachingwea nikiuliza kama kuna aliyebaki na hata boneti ya trekta la zama hizo. Nilichoonyeshwa ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, kinagongwa kama kengele. Kwa hiyo sikuona ajabu ya kuhangaikia trekta la kukatia majani. Makubwa yalishaondoka, na hili lilikuwa njiani kuyafuata.

Kazi ya injini ilikula muda wangu mwingi kuliko yote. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ukutani mwa silinda kwa kutu, na chumvi ya pwani haikuisaidia baada ya mimi kulileta Mikindani. Niliifungua silinda hedi, nikakwangua masizi, nikajaza dizeli juu ya pistoni na kuiacha ilowe, nikiongeza kila inapozama, hadi asubuhi moja nilipoweka kipande cha mti wa mkorosho juu yake na kuigonga kwa nyundo ya mpira, ikashuka kidogo sana, kiasi cha unene wa kucha. Hapo nikaacha. Anayeendelea kugonga kwa furaha ya kucha moja ndiye anayevunja ringi za pistoni.

Konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka chini yake, ilikuwa habari nyingine. Katika injini hizi za Kohler konrodi ni ya aluminiamu na inakaa moja kwa moja juu ya krenki, bila beringi za kubadilishwa katikati, na oili haisukumwi kwa pampu bali hurushwa na kijiko kilicho chini ya konrodi hiyo. Oili ikipungua, au trekta likifanyishwa kazi muda mrefu kwenye mteremko mkali, kijiko huchota hewa na aluminiamu huanza kujipaka kwenye chuma. Ndivyo ilivyokuwa. Krenki ilibidi isagwe kwa inchi 0.010 ili kuondoa michirizi, na konrodi ya saizi hiyo ikabidi iagizwe Marekani, jambo lililonigharimu zaidi ya trekta zima na ambalo mke wangu bado hulitaja tukiwa na wageni.

Kwa upande wa umeme nilikwenda kwa mzee mmoja wa Chikongola ambaye sote tunamwita mjomba. Tangu ujana wake anatengeneza mabomba ya kupulizia salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, na fundi aliyepita katika kazi hiyo hana cha kujifunza kuhusu injini ndogo zenye tabia mbaya, kwa sababu vumbi la salfa likikutana na unyevu huanza kula shaba, aluminiamu na kila kiungo cha waya. Msimu wa kupulizia ukiwa umeshika, kumpata ni ndoto, kwa hiyo nilisubiri. Nilimwamkia, nikamwekea mezani platini, kile kiungo kinachofunguka na kufunga ili cheche itoke, naye akaitazama kwenye mwanga bila kuigusa.

"Mpwa wangu," akasema, "hapa ulipaswa kuacha mwanya, wewe umeacha mlango."

Kipimo cha kiwanda ni inchi 0.020. Aliipata kwa bapa la kupimia ambalo namba zake zimefutika, nami nilipoirudia nyumbani kwa langu jipya sikukuta tofauti. Aliniambia pia nitupe kondensa ya zamani, kile kifaa kidogo kinachoilinda platini, hata kama inaonekana nzima, na siku injini ilipowaka nilielewa msisitizo wake, kwani cheche ilikuwa ya bluu na kavu.

Mjomba naye ni wa upande wa rangi. Anasema chombo kilichofufuka kivishwe nguo mpya. Simbishii mbele ya watu, lakini hoja yangu ni hii: kwenye hewa ya pwani, rangi inayopulizwa juu ya chuma chenye chumvi hufura malengelenge kabla ya masika ya pili, na chini yake kutu huendelea bila kuonekana. Sehemu za bati nilizisafisha kwa umeme, katika pipa la plastiki lenye maji na magadi, ncha hasi ya chaja ya betri ikiwa kwenye bati na ncha chanya kwenye kipande cha nondo, nje penye upepo kwa sababu gesi inayotoka huwaka. Kutu ililegea, na mahali pengi ile njano ya kiwandani ilikuwa ingali imeshika, pamoja na sehemu ya herufi za ubavuni. Rangi hiyo haitapulizwa tena na mtu yeyote. Niliiosha kwa sabuni, nikaipaka mafuta ya linsidi kama wanavyopaka maseremala, na nitarudia kila kiangazi.

Sina ushupavu wa kupitiliza. Sehemu ya chini inayofunika visu ilikuwa imetoboka kwa majani mabichi ya miaka mingi, na huko hakuna cha kuhifadhi, hivyo nimechomelea viraka na nitaipaka rangi nzito pande zote mbili. Beringi za visu nimezipata mjini bila shida, kwa kuwa ni za saizi ya kawaida. Zikishafungwa, majani ya chini ya mikorosho ya kaka yangu huko Naliendele yatakuwa yamefika magotini, na amekwisha kuniahidi petroli, kwa sharti kwamba nisiyaguse matawi ya chini.