2048 kwenye kiganja

Jana binti yangu kaniletea simu yake imejaa, haipigi picha tena, akaniuliza eti baba, tukiiongezea nafasi, picha hizi za zamani si zitafutika? Nikamwambia hazifutiki. Akanikodolea macho. "Una uhakika?" Nikanyamaza, maana swali hilohilo nilishajiuliza saa nane usiku jasho likinitoka.

Ni enzi za ile kazi ya kwanza, kwa yule bosi wa "fanya haraka". Seva ilikuwa na diski ya giga 40, df -h, amri ya kuonyesha nafasi iliyotumika, inasoma asilimia 100, databesi imegoma kuandika, simu zinapigwa. Bosi kauliza bakapu ipo? Nikajibu ipo, tena ya leo. Kuikuza diski yenyewe hadi giga 100 ilikuwa dakika mbili tu kwenye mipangilio ya mashine pepe, maana seva ilikuwa kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta nyingine, ila ilibidi kwanza nifute snapshoti iliyokuwepo, ile hali ya diski iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, maana nayo ikiwepo diski haikubali kuongezwa. Nikafuta.

Sasa kukuza diski ni nusu ya kazi. Ndani ya diski kuna patisheni, yaani kipande cha diski kilichotengwa, ndani ya patisheni kuna mfumo wa mafaili, unaopanga mafaili yenyewe, na kila mmoja bado anaamini dunia inaishia giga 40 mpaka umwambie, mmoja mmoja, kuanzia nje kwenda ndani. Siku hizi kuna growpart, amri moja patisheni imekua, na wenye LVM, mpangilio wa diski unaonyumbulika, ndio kabisa wanaongeza huku watu wakiendelea na kazi zao. Mimi LVM sikuwa nayo, growpart sikuijua. Nilikuwa na fdisk, programu ya kupanga patisheni, na fdisk ile ya zamani haikuwa na habari ya kuongeza: unaifuta patisheni, unaiunda upya ikiwa ndefu zaidi, ukianzia sekta ileile, yaani namba ileile ya mahali kwenye diski.

Unaifuta. Patisheni iliyobeba seva nzima!

Nikampigia kaka mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi, nikamwamsha. "Inaanzia sekta ngapi?" 2048. "Iandike mahali." Karatasi sikuiona, nikaandika kiganjani. Nikabonyeza d, ikaniambia patisheni 1 imefutwa, kwa upole tu kama mtu anayeaga. Nikabonyeza n, nikaweka 2048, mwisho nikaweka mwisho wa diski. Hapo likaja swali ambalo kaka hakunitahadharisha: patisheni hii ina alama ya ext4 (ndio mfumo wangu wa mafaili), unataka niiondoe? Kaka kimya, namsikia anapumua. "Inasemaje?" Nikamsomea. "Sema hapana. HAPANA." Nikaandika n nikabaki naitazama ile herufi, sijui dakika nzima, kiganja kimelowa na wino umeanza kusambaa, ile 8 imekuwa kama 0. Na mpaka hapo hakuna kilichoandikwa kwenye diski bado, fdisk inakaa na mabadiliko yako kwenye memori mpaka ubonyeze w, ningeweza kubonyeza q nikalala zangu. Nikabonyeza enta, halafu w.

Ikajibu diski inatumika, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, itaendelea na jedwali la zamani la patisheni mpaka seva izimwe na kuwashwa upya. Nikaiributi, nikaanza kuiita kwa ping nione kama iko hai. Ping haijibu. Ping haijibu. Na ni pale, nahesabu ping zinavyokufa, ndipo nikakumbuka ile bakapu niliyomwambia bosi iko wapi. /var/backups. Diski ileile, patisheni ileile. Na snapshoti nimeifuta kwa mkono wangu.

Ikarudi. resize2fs, amri ya kuukuza mfumo wa mafaili, sekunde chache, nafasi tele, bosi akanitumia kidole gumba.

Asubuhi nikatafuta kilichoijaza. Giga 26 zilikuwa bakapu zangu za kila usiku, sikuwahi kufuta hata moja, yaani seva ilikuwa inajaa nakala zake yenyewe na mimi nikaiweka yote rehani ili nizitafutie nakala hizo pa kukaa. Bosi sikumwambia mpaka leo. Sijui ni uongo au ni kunyamaza tu, maana bakapu kweli ilikuwepo, hakuuliza iko wapi.

Binti bado kasimama. Nikachukua simu nikamwambia ngoja kwanza picha tuzinakili pengine.

"Pengine wapi?"

"Popote, ila si humuhumu."

"Kwani kuna mtu anaweza kuweka nakala humohumo?"

Nikajifanya natafuta waya wa chaji.