Siku moja maishani mwangu: sarafu za dola kwenye duka la kufulia

Saa 11:30 alfajiri. Nafungua duka hapa Columbus, Ohio, na kabla ya yote naijaza mashine ya chenji. Ukiitia noti ya dola 20 inakutemea sarafu 15 za dola moja na robo 20, yaani sarafu za senti 25. Wateja wapya hushtuka. Wamezaliwa Marekani, wamekulia Marekani, na sarafu ya dola hawajawahi kuishika. Si ajabu: noti ya dola bado inachapishwa, basi nani ahangaike na chuma mfukoni?

Saa 1. Wauguzi waliotoka zamu ya usiku. Mashine kubwa ni dola 8. Kwa robo utatumbukiza mara 32, macho mekundu, foleni inakohoa nyuma yako. Kwa sarafu za dola ni mara nane, umemaliza. Za kukaushia bado zinakula robo, na hapo nakubaliana nazo: jinzi ikibaki na unyevu kiunoni, unaongeza robo, huongezi dola nzima.

Saa 4. Mama Mkongomani, jirani yetu, anaigeuza geuza ile ya rangi ya dhahabu. Aliyechorwa ni Sacagawea, mwanamke wa Kishoshone, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na mwanawe yuko mgongoni. "Kaka, ona! Uyu mama anabeba mutoto ku mugongo sawa siye!" Moja kaificha kwenye pochi. Bosi hulalamika kwamba sarafu zake zinahama duka. Mimi namwelewa mama. Ile ya shilingi 40 ya Kibaki, ya mwaka 2003, kwetu iko kabatini mpaka leo.

Saa 8 mchana. Mzee analipiga ngumi tundu la mashine ya kukaushia. Nachukua koleo, navuta taratibu, inatoka sarafu nyeupe yenye meno ukingoni. Yeye aliiona robo. Naisogeza kwenye taa: ni dola ya 1979 yenye sura ya Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake, na mstari unaomzunguka kwa ndani una pembe 11. Upana wake ni milimita 26.5 kwa 24.26 za robo. Kwa jicho la haraka ni mapacha. Ndiyo maana Sacagawea alipokuja mwaka 2000 walibadilisha rangi na kuacha ukubwa uleule, ili mashine zilizomzoea Susan zimpokee na yeye. Namrudishia mzee dola yake. Anaitazama kana kwamba nimemwibia robo.

Jioni ni watoto, sabuni iliyomwagika na soksi zisizo na mwenyewe. Tuliruke.

Saa 3 usiku. Hesabu. Robo za dola 1,000 zina uzito wa kilo 22 na ushei. Sarafu za dola za thamani hiyohiyo ni kilo 8 tu. Kesho bosi anapeleka mzigo benki. Nimemwambia mimi nitabeba za dola, za robo abebe mwenyewe.