Umechelewa

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa.

Mnisamehe tafakari imechelewa wiki hii. Jumapili nilishaanza kuandika nyingine kabisa, ya masomo ya dominika, nikaifuta maana moyo haukuwemo. Nilikuwa na hasira. Hasira ile ya kulala nayo na kuamka nayo. Kazini wamenibadilishia shifti, ile niliyoihangaikia muda mrefu ili Jumapili niwahi misa, kapewa mwingine, na hilo ningelimeza, ila kilichonichoma ni kwamba aliyeamua hakuniambia mwenyewe, alimtuma mwenzangu tunayekesha naye, basi yule dada wa watu anakuja ananipa habari huku anaangalia viatu vyake. Mjumbe hauawi, nikamwambia hamna shida. Kumbe ndani nachemka kama sufuria la makande.

Mnajua huku New Jersey kazi yangu ni kulea wazee. Yupo mmoja ninayemhudumia, wazazi wake walitoka Italia, na kwake besiboli ni dini ya pili (naandika hivyo nikijua padri anasoma). Juzi tarehe 22 Septemba namnywesha dawa, akaniona uso umekunjamana, akauliza kulikoni, nikamwambia. Akacheka. Akasema wewe na Yogi.

Yogi ni Yogi Berra. Wengi wetu tulimkuta hatumjui, sisi na mpira wa miguu, lakini huku jina lake ni kubwa, mpaka makumbusho yake yapo hapa hapa, pale chuo cha Montclair. Wazazi walimwita Lorenzo Pietro. Alizaliwa St. Louis tarehe 12 Mei 1925, mtaa wa Waitaliano unaoitwa The Hill, baba yake mhamiaji aliyefanya kazi kwenye matofali. Shule aliishia darasa la nane. Akabeba makaa ya mawe, akafanya kazi kiwanda cha viatu. Baba aliona besiboli ni uvivu tu, na kaka zake, ambao nao walikuwa na kipaji ila walishakiacha ili waingize hela nyumbani, ndio waliomsihi mzee: sisi tunafanya kazi wote, huyu mdogo mwache ajaribu. Hapo nilisimama kidogo. Kuna watu kwenye grupu hili wamefika walipofika kwa sababu kaka au dada yao alikubali kubaki nyuma, mnajijua.

Halafu vita. Tarehe 6 Juni 1944 ana miaka 19, baharia, wako sita tu kwenye kiboti kidogo mbele ya pwani ya Normandy wanafyatua roketi ili wenzao washuke. Miezi miwili baadaye, kusini mwa Ufaransa, akaumia mkono. Medali ya majeruhi hakuijazia fomu, na inasimuliwa ni kwa sababu hakutaka mama yake apate simu ya maandishi akashtuka bure. Mtoto wa mama kweli kweli.

Alianza kuchezea New York Yankees tarehe 22 Septemba 1946, akachuchumaa nyuma ya mpigaji akidaka mipira miaka na miaka, mfupi, walimcheka sura yake hadharani na yeye anacheka nao. Akachukua ubingwa mara 10, na huku bingwa huvishwa pete, basi pete kila kidole. Mwaka 1949 alifunga ndoa na Carmen kanisa la Mtakatifu Ambrosi huko huko The Hill, wakapata watoto watatu wa kiume, wakaishi pamoja miaka 65 mpaka Carmen alipotangulia 2014. Yeye akamfuata 2015, tarehe ile ile 22 Septemba, miaka 69 kamili tangu mechi yake ya kwanza.

Ila mzee wangu hakunisimulia hayo kwa sababu ya pete. Alitaka nisikie ya 1985.

Mwaka huo Yogi ndiye meneja wa Yankees, na mwanae Dale ni mchezaji kwenye timu hiyo hiyo. Mwenye timu, George Steinbrenner, alishaahidi kwamba Yogi atamaliza msimu wote. Mechi 16 tu, akamfukuza. Na hakumfukuza mwenyewe, alimtuma mtu, Clyde King, ndiye akaenda kumwambia. Basi. Yogi akasema uwanjani pale sikanyagi tena mradi yule bwana ndiye mwenye timu. Si utani. Wakamwekea kibao cha heshima uwanjani, hakwenda. Mtu aliyekuwa anachekwa sura na asinune, aliyepita kwenye mabomu, hili likamshinda, kwa sababu kufukuzwa aliweza kukubali (kwenye mpira mameneja wanafukuzwa kila siku), ila kutumiwa mjumbe ni kuambiwa kwamba hata uso wangu hustahili kuuona. Miaka 14 jamani.

Januari 1999 Steinbrenner, kwa ushawishi wa mtangazaji mmoja wa redio, Suzyn Waldman, akaja mwenyewe New Jersey, kwenye yale makumbusho. Yogi ana miaka 73. Neno alilompokelea nalo: umechelewa. Jamaa kweli alichelewa kufika siku ile, ila nadhani kila aliyekuwepo alisikia zaidi ya hapo. Akaomba msamaha, akakiri lilikuwa kosa lake kubwa kwenye mchezo ule. Na yule mzee mkaidi akasamehe. Julai 18 wakamfanyia sherehe uwanjani, na siku hiyo hiyo, sitanii, mrushaji wa Yankees, David Cone, akarusha mchezo mkamilifu, ambao hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituoni, mbele ya Yogi aliyedaka mchezo mkamilifu wa mrushaji mwingine, Don Larsen, mwaka 1956. Nyie mtasema bahati. Mimi nimenyamaza.

Sasa nisikilizeni. Bwana alisema ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, "wewe na yeye peke yenu". Wewe na yeye! Si wewe na grupu. Si wewe na mwenyekiti. Na ukikumbuka mbele ya altare kwamba nduguyo ana neno juu yako, acha sadaka, nenda *kwanza*. Miguu yako. Sisi tumekuwa watu wa meseji, tunafukuza kwa meseji, tunaomba radhi kwa kiemoji cha mikono miwili, viongozi wa jumuiya ndio kabisa, mtu katumikia miaka anasomewa matangazo kama kapoteza funguo, halafu jioni tunasali utusamehe makosa yetu kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea, sauti juu. Mnataka kuona baba? Dale huyo huyo alikuja kuangukia kokeini, amesimulia mwenyewe hadharani, na Yogi akaita familia nzima, akamkalisha, akamwambia usoni achague dawa za kulevya au familia. Dale akaacha. Hakutuma mtu kwa mwanae.

Nilifika hapo naandika kwa nguvu, nawaza yule bosi wangu, natamani angejua Kiswahili asome. Ndipo nikakumbuka, na toka hapo sijapata raha.

Mwaka jana nikiwa katibu tulikubaliana kubadilisha mwongoza nyimbo. Mama yule alituongoza miaka sita, pilau la Pasaka alipika yeye, mwanangu alipolazwa alilala kwenye kiti wodini ili mimi niende kazini. Kikao kilinipa kazi moja: nenda kamwone. Nikatoka shifti saa tano usiku nimechoka, nikaandika mistari mitatu nikatuma. Akajibu "Sawa. Asante." Toka siku hiyo hasali na sisi, na mimi nimekuwa nikiwaambia watu eti siku hizi ana kazi nyingi. Mkuki kwa nguruwe.

Jana niliandika meseji ya kumwomba msamaha. Ndefu, nzuri, na aya ya Biblia nimeweka. Nikaifuta.

Kwake ni kama dakika 40 kwa gari. Jumamosi naingia kazini jioni, asubuhi niko huru. Sijampigia kumwambia naenda, naogopa atasema hayupo, na naogopa zaidi atasema yupo. Mnaomjua naomba msimtonye. Niombeeni nisigeuze gari njiani.