Hospitali yetu ilifungwa bila kutangazwa

Kwetu, ndani kabisa ya mkoa wa Lindi, hospitali haikufungwa kwa tangazo. Kwanza alihamishwa daktari aliyekuwa akipasua, kisha mtaalamu wa dawa za usingizi, na kabla ya msimu wa korosho kwisha chumba cha upasuaji kilikuwa kimegeuzwa stoo ya vitanda vibovu. Ilikuwa hospitali teule, yaani majengo ni ya misheni, lakini ruzuku na mishahara ya watumishi wengi hutoka serikalini. Halmashauri ilipojenga hospitali yake, watumishi wakalifuata jengo jipya.

Ujenzi wenyewe siulaumu, kwani tuliungoja kwa miaka mingi. Ninachokipinga ni uamuzi unaohesabu majengo bila kuhesabu njia. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam kule Kilwa, nchi nzima ilijua. Njia yetu ya udongo hukatika kila masika, na sisi wenyewe ndio tunaojua.

Usiku mmoja wa Machi shemeji yangu alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala vibaya. Vijana wanne walimvusha mto kwenye kitanda cha kamba, maji yakiwafika kiunoni, na nyuma yao mama mkwe wake alikuwa amejitwisha beseni la khanga, kadi ya kliniki akiwa ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni asije akailowesha. Njiani tulipita mbele ya hospitali ya zamani, taa ya barazani inawaka, tusisimame kwa sababu hapakuwa na wa kumpasua. Alipasuliwa alfajiri huko wilayani. Yeye tunaye, mtoto hatukumpata.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya matukio muhimu kwa maisha ya wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Uhamisho ule ungeletwa pale kwanza, wazee wangeueleza ule mto kabla watumishi hawajafungasha.

Sasa tumeandika barua kuomba daktari mmoja na mtaalamu mmoja wa usingizi warudishwe, angalau kuanzia Desemba hadi Mei. Imepokelewa na kugongwa muhuri. Mkutano ujao nitauliza iko mezani kwa nani.