Sinia nane juu ya paa: kumbukumbu ya mradi wa karamu ya usiku mmoja, kutoka wageni 8 hadi 40

Mradi wenyewe: jioni moja, juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, Unguja, wageni wanakula pilau ya ng'ombe kwa mkono, watano kwa kila sinia, wameketi mikekani. Hakuna meza wala sahani. Kesho yake paa linarudi kuwa la kuanikia nguo. Awamu tatu zimekwisha: wageni 8, 20, kisha 40. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hii ni ya jikoni, maana huko ndiko hesabu zilikogoma.

Awamu ya 1, wageni 8

Mchele wa basmati kilo 1.2, yaani takriban gramu 150 kwa mtu. Nyama yenye mifupa kilo 1. Vikombe vya supu 1.75 kwa kila kikombe cha mchele uliorowekwa nusu saa. Wali ulichambuka punje kwa punje. Kipimo hiki ni sahihi kwa sufuria ndogo, na hapo ndipo mtego ulipo: kinamfanya mtu aamini kuwa kilichobaki ni kuzidisha tu.

Awamu ya 2, wageni 20

Mchele kilo 3, sawa na lita 3.75 hivi ukipimwa kwa kopo. Kwa kipimo cha awali, supu ilikuwa lita 6.5. Matokeo: mashendea (wali mtepetevu) upande wa chini, juu nafuu kidogo.

Sababu yake ni mvuke. Punje ya mchele inakunywa maji yaleyale, iwe peke yake au na wenzake elfu. Kinachobadilika ni maji yanayopotea hewani. Sufuria ndogo ina uso mpana ukilinganisha na kilichomo ndani, hivyo hupoteza mengi. Sufuria kubwa ina kina, na kifuniko chake kizito hurudisha mvuke chini. Kwa kilo 3 tulishuka hadi vikombe 1.4 vya supu kwa kila kikombe cha mchele, yaani lita 5.25, na wali ukakaa sawa. Supu iingie ikiwa inachemka, na ukiionja iwe na chumvi iliyozidi kidogo ile ya supu ya kunywa. Ikiwa tamu mdomoni kama supu, pilau itatoka chapwa.

Karafuu nayo haizidishwi. Kilo 1.2 ilichukua punje 8. Kwa hesabu ya kawaida kilo 3 ingetaka 20, lakini kwa 20 ulimi unakufa ganzi na uzile (bizari nyembamba) hausikiki tena. Punje 12 zinatosha. Uzile, iliki na mdalasini vinavumilia kuzidishwa.

Vitunguu ndivyo vilivyochukua muda mwingi wa majaribio, na vinastahili. Rangi ya pilau inatoka kwao. Kilo moja na nusu ya vitunguu ikimwagwa kwa pamoja kwenye sufuria haikaangiki: vinatoa maji, mafuta yanapoa, vinachemka na kuwa kama uji wa rangi ya majani makavu. Pilau inatoka nyeupe, na hakuna kiungo kitakachoirekebisha. Dawa ni karai pana na mikupuo mitatu ya nusu kilo, vitunguu vikatwe vyembamba kwa unene mmoja. Dakika saba za kwanza havionyeshi kitu. Kisha povu linapungua, sauti ya mafuta inakuwa kavu, na kingo zinaanza kuwa za dhahabu. Kuanzia hapo usiondoke. Epua vikiwa na rangi ya tende mbivu, kabla havijawa vya kahawia iliyokolea, kwa sababu vinaendelea kuiva nje ya moto kwa dakika mbili nzima. Vikivuka hapo vinatia uchungu sufuria yote.

Awamu ya 3, wageni 40

Jaribio la kupika kilo 6 kwenye sufuria moja lilifeli: chini ukoko wa vidole viwili, katikati wali uliosagwa na uzito wa wenzake, juu wali wenye kiini kisichoiva. Moto wa chini haufiki juu kabla wa chini haujaungua. Kwa hiyo ni sufuria mbili za lita 20, kila moja na mchele kilo 3, nyama kilo 2.5, vitunguu kilo 1.5 na supu yake. Majiko mawili ya makaa uani.

Maji yakishakauka juu, palia: toa theluthi mbili ya makaa chini, yapange juu ya kifuniko, zaidi pembezoni kuliko katikati, dakika 25. Kabla ya kufunua, ondoa makaa yote na ufute kifuniko kwa kitambaa kibichi. Majivu yakishaingia kwenye wali hayatoki.

Mwezi wa Julai ni kusi, na upepo ulipenya hadi uani. Makaa yalikolea upande mmoja tu, ukoko nao ukawa upande huohuo. Kipande cha bati kilichosimamishwa upande wa upepo kilisaidia, pamoja na kuizungusha sufuria robo mzunguko kila dakika tano wakati wa kupalia. Juu ya paa mishumaa haikuweza kuwaka kabisa. Kandili zenye chimni zilikaa.

Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama. Sinia lililojazwa wali haliwezi kupanda bila kumwagika, kwa hiyo sufuria hupanda nzima, watu wawili, vishikio vimefungwa kanga kuukuu, na kupakua hufanyika juu. Wapakuzi wawili, dakika moja na nusu kwa sinia, yaani dakika sita kwa sinia nane. Sinia baridi hunyonya moto wa wali mara moja, hivyo kila moja husuuzwa kwa maji ya moto na kufutwa kabla tu ya kupakuliwa.

Muda unapangwa kwa swala. Isha mwezi huo ni karibu saa 1:40 usiku, kwa hiyo wageni hualikwa saa 2. Mchele unaingia kwenye supu saa 1:30. Wageni wakifika hupewa supu ya pweza kwenye vikombe, wamesimama, mililita 150 kila mmoja. Pweza mbichi kilo 4 hubaki karibu kilo 2 akishachemka, na akilazwa kwenye friza usiku mmoja kabla analainika bila kupondwa. Saa 2:25 kunawa: birika mbili, mabakuli mawili, maji ya vuguvugu lita 8 kwa watu 40. Anayemimina aanze sinia la mbali, ili wa kwanza kunawa awe wa kwanza kuwekewa. Udi unafukizwa mlangoni tu, wakati wa kuingia na wa kutoka. Ukifukizwa karibu na chakula, iliki inapotea.

Sinia lina sharti ambalo sahani haina. Asiyekula nyama hawezi kuchagua pembeni, kwa kuwa wali wote umeiva ndani ya supu ya nyama. Jibu la kila mgeni kuhusu nyama na mzio lipatikane siku tano kabla, pamoja na arubuni ya nusu ya malipo, kisha wasiokula nyama wakae sinia moja. Sinia la nane lilikuwa lao: pilau ya viazi na njegere, mchele gramu 750, sufuria yake na mwiko wake.

Kachumbari ilikatwa mapema na kutiwa chumvi mapema, ikatoa maji na kulowesha wali. Sasa vitunguu na nyanya hukatwa saa 1, chumvi na ndimu hutiwa wakati wa kupakua.

Kilichobaki ni kahawa. Dele (birika la kahawa) moja halikutosha: wageni 40, vikombe viwili vidogo kila mmoja, ni lita 4, na kahawa ya tangawizi iliyopashwa mara ya pili inakuwa chungu vibaya. Awamu ya 4 itajaribu madele mawili yanayopokezana kwenye jiko dogo la makaa palepale juu ya paa, nyuma ya bati la kuzuia upepo.