Kukinga vyombo vya ndani na radi: kazi ilipofikia

Lengo la mradi huu ni radi ikipiga jirani, TV, friji, ruta na kompyuta vibaki vizima. Radi ikiipiga nyumba yenyewe, hiyo ni habari ya vizuia radi vya juu ya paa, na huko sijafika. Ninapambana na umeme wa ghafla unaosafiri ndani ya nyaya na kuingia sebuleni hata kama radi imepiga mbali.

Ukaguzi

Nilianza kwa kuzunguka nyumba nikitazama kila waya unaopita ukutani. Waya wa umeme, kebo ya dishi, waya wa intaneti. Wengi wetu hukumbuka ule wa umeme peke yake. Unanunua ekstensheni nzuri yenye kinga, unachomeka TV, unalala. Kumbe kebo ya dishi inashuka kutoka paani hadi kwenye king'amuzi bila kizuizi chochote, na king'amuzi kimeungwa na TV.

Breka nazo hazisaidii hapa. Hata breka nzuri huchukua milisekunde kadhaa kujikata, ilhali msukumo wa radi hupanda na kushuka kwa mikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Kazi hiyo hufanywa na varista, kidude cha oksidi ya zinki kilicho ndani ya kikinga. Volti zikiwa za kawaida, hakipitishi kitu. Zikizidi kiwango chake, ukinzani wake huanguka papo hapo na mkondo humwagwa kwenye ethi, yaani waya na fimbo vinavyoupeleka umeme ardhini. Ethi ikiwa mbovu, umechimba mfereji lakini maji hayana pa kwenda.

Ethi

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na sijutii. Tulipofukua kichwa cha fimbo ya ethi tulikuta klampu imeota kutu ya kijani, na boliti inazunguka kwa vidole. Fundi alizima meni swichi, akautenga waya wa ethi na nyumba, akachomeka vijiti viwili vya mita yake ardhini kwa mstari mmoja, cha karibu kikiwa kwenye asilimia 62 ya umbali wa kile cha mbali. Mita ilisoma ukinzani wa ohm 48, na hapa namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Tukasugua shaba hadi ikang'aa, tukafunga klampu mpya: 31. Tukapigilia fimbo ya pili ya mita 2.4, tukaiweka mbali na ya kwanza zaidi ya urefu wake wenyewe, maana zikikaribiana zinagombea udongo uleule. Tulipoziunga pamoja, mita ikasoma 17.

Mlingoti wa dishi ulikuwa na kifimbo chake peke yake nyuma ya nyumba. Wapo mafundi wanaodhani ethi mbili zilizotengana ni usalama zaidi. Ni hatari. Radi ikipiga karibu na mlingoti, ardhi ya pale inaweza kupanda maelfu ya volti juu ya ardhi ya fimbo nyingine, na njia rahisi ya kuziunganisha hizo mbili inapita ndani ya king'amuzi na TV yako. Tumeziunga ethi zote kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16. Sasa zikipanda, zinapanda pamoja.

Kisanduku cha breka

Tumefunga kikinga cha aina ya 2, cha volti 275, kwa kuwa umeme wetu ni wa 230. Fundi alitaka kuacha waya mrefu na kuukunja vizuri pembeni. Nikamwomba aukate. Mita moja ya waya ina induktansi (ukaidi wa waya kwa mkondo unaobadilika ghafla) ya takriban mikrohenri 1, kwa hiyo mkondo unaopanda kwa kiloampia 1 kila mikrosekunde huzalisha kama volti 1,000 kwa kila mita, na volti hizo zinaongezeka juu ya zile ambazo kikinga kimeruhusu. Nyaya zake zote kwa jumla sasa hazifiki nusu mita. Alihamisha baa ya ethi ili iwezekane, na nilifurahi sana kumwona akikubali hoja na kuifanyia kazi kwa moyo.

Kebo ya dishi nayo imepata kikinga chake pale inapoingilia, kikiwa kimeungwa kwenye ethi hiyohiyo.

Friji

Friji ina gadi ya volti, na gadi si kikinga cha radi. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, soketi zinaweza kupanda kuelekea volti 400 na kubaki hivyo kwa dakika nzima. Varista haiwezi kustahimili, itaungua. Gadi hukata, na umeme ukitulia husubiri dakika chache kabla ya kurudisha, ili presha ndani ya kompresa ishuke.

Yaliyobaki

Kuchomoa plagi kunabaki palepale, ila mapema, wingu likiwa bado mbali. Radi ikishaanza kunguruma usishike waya wowote.

Kidirisha cha kikinga bado ni cha kijani. Kikiwa chekundu, varista imekufa na inabadilishwa. Kiangazi tutapima ethi upya, kwa sababu udongo ukikauka ukinzani hupanda, na 17 ya sasa imepimwa ardhi ikiwa na unyevu. Ikipanda sana, nafasi ya fimbo ya tatu ninayo upande wa tangi la maji.