Tarehe 21

Kwa mhasibu wa wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo, hakuna siku tamu katika mwezi kuishinda tarehe 21. Tarehe 20 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na jana zimekwenda zote. Asubuhi hii nimepanda ngazi za ofisini taratibu, nimefungua dirisha linalotazama Mtaa wa Aggrey, wapagazi wanapiga kelele za kuomba njia huko chini, nikajikuta napiga mluzi. Hakuna aliyenilipa leo. Simba haichezi. Joto ni lilelile la jana, na umeme umekatika mara moja tayari. Sasa raha hii imetoka wapi?

Juzi ofisi hii haikuwa na pa kukanyaga. Wateja wangu ni watu wa vitenge, vipuri vya pikipiki, ndoo na mabeseni, watu wanaofungua duka alfajiri na kukumbuka habari za kodi mwezi ukishachanja mbuga. Risiti zao zamani zilikuja kwenye rambo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, zikahamia kwenye ile mifuko ya kitambaa chepesi, na mteja anataka mfuko wake arudishiwe. Halafu karatasi ya mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haivumilii joto. Risiti iliyokaa juu ya dashibodi ya gari siku kadhaa inanifikia nyeupe pe. "Bosi, hiyo ilikuwa ya laki tatu," mteja ananiambia kwa imani kabisa, ameshika kipande cha karatasi tupu. VAT ya asilimia 18 juu ya laki tatu ni 54,000, naye anaisubiri kwenye hesabu zake. Leo nacheka. Usiku wa tarehe 19 sicheki na mtu.

Nilikuwa naamini kinachonimaliza ni wingi wa kazi. Siku hizi sina uhakika huo. Tarehe 10 nafanya kazi saa zilezile na nikifika nyumbani nalala kama mtoto. Tarehe 17 naweza kutoka ofisini jua bado liko juu, na usiku nikakesha natazama dari. Kazi ya tarehe 10 nimeiona mwanzo wake na mwisho wake. Ya tarehe 17 imekaa nusunusu: huyu hajaleta risiti, yule kaleta za mwaka jana, mwingine hapokei simu.

Pembeni ya jengo letu, kwenye kona ya Likoma, kuna mzee wa kahawa. Huja alasiri na birika lake juu ya jiko la mkaa, ndoo ya kusuuzia vikombe, na sinia la kashata. Benchi hujaa madalali, machinga waliochoka, na sisi wa maofisini tunaojifanya tumeshuka kidogo tu kunyoosha miguu. Watu wanakaa na kuondoka, mabishano ya Simba na Yanga yanapanda, na mzee haandiki kitu. Lakini nani kaondoka bila kulipa anajua, na tangu lini anajua. "Yule wa mitumba ana vikombe viwili tangu kabla ya Mfungo," aliniambia juzi, bila hasira, kama anasoma daftari. Nikamuuliza jana yake mimi nilikunywa vingapi. Akashangaa. "Si ulilipa, mwanangu? Sasa nikukumbuke wa nini?"

Ningeishia kucheka, lakini niliwahi kusoma kwamba mjini Berlin, miaka ya 1920, kuna wanasaikolojia waliovutiwa na jambo la namna hiihii kwa wahudumu wa mgahawa: oda ambayo haijalipwa imo kichwani yote, ikilipwa imefutika. Bluma Zeigarnik, mwanamke mzaliwa wa Lithuania aliyekuwa akisoma kwa Profesa Kurt Lewin, akaamua kulipima. Akawapa watu kazi ndogondogo, mafumbo, kufinyanga udongo, kutunga shanga, na nusu ya kazi hizo akazikatiza kabla hazijaisha. Utafiti wake ulitoka mwaka 1927, na ulionyesha kwamba watu walizikumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zile walizozimaliza. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo sisemi hiyo ni sheria. Nasema tu kwamba namfahamu mzee wa kahawa, na najifahamu mimi.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilikaa mezani nikaandika kila kitu kinachonizunguka kichwani. Si cha wateja, changu. Nilitegemea ada ya shule iwe juu kabisa, ikifuatiwa na marejesho ya mkopo wa kiwanja. Zilikuwepo, lakini hazikuchukua hata mistari mitatu, maana ada ina kiasi chake na tarehe yake, na benki inajikata yenyewe bila kuniuliza. Kilichojaza ukurasa ni michango.

Wenzangu wa Dar mnanielewa. Unaamka asubuhi umeshaunganishwa kwenye kundi jipya, "Kamati ya Harusi ya Fulani na Fulani", na picha ya kadi ya mchango imeshatua, singo ya mtu mmoja au dabo ya wawili. Bwana harusi ni mtoto wa mtu mliyepanga nyumba moja Manzese zamani. Ukijitoa wanaona. Ukikaa kimya, mwenyekiti anaweka jina lako kwenye orodha kila usiku: jina, ahadi, alicholipa, kinachobaki. Mbele ya lako kuna sifuri, na orodha inasomwa na watu themanini, akiwemo dada yako. Kuna harusi, kuna sendofu, kuna kitchen party ya mke wako kuchangia, kuna kipaimara, na misiba ambayo yenyewe siihesabu kabisa kwa kuwa msiba ni msiba. Mimi nina balaa la ziada: kwa kuwa ni mhasibu, kila kamati inanipa uweka hazina, na hujawahi kuona mweka hazina asiyeahidi.

Nilipoutazama ule ukurasa nikaona fedha yenyewe si nyingi kama nilivyoogopa. Uzito ulikuwa kwenye majibu ambayo sijatoa. Kila mahali nilikuwa nimesema "nitajitahidi". Kwetu kumkatalia mtu waziwazi kunahesabiwa ukali, basi tunajitahidi, na yule anayesubiri hajui aniweke upande gani, nami kila simu ikilia moyo unaruka. Heshima hii nadhani tumeipa bei kubwa mno.

Nikaanza na aliye mgumu kuliko wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Tumekuweka dabo, usiwe na wasiwasi."

"Shangazi, dabo sitaiweza. Naleta singo, naituma sasa hivi, na siku yenyewe ukumbini sitafika, nitakuwa na mahesabu ya watu."

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia anaguna. Kisha: "Haya, baba. Bora wewe umesema. Wenzio wananiahidi laki tano, ukiwapigia hawapatikani."

Basi. Miezi nilikuwa namkwepa mama wa watu kwa jambo la dakika mbili. Sio wote waliopokea hivyo; kuna mmoja amenijibu kwa alama ya dole gumba, na dole gumba la ndugu yangu huyo nalijua maana yake. Lakini hata lile dole gumba limekwisha. Halinifuati kitandani.

Yasiyoweza kumalizwa kwa simu nimeyapa daftari. Kila usiku, kabla ya kulala, naandika ya kesho: nani nampigia, saa ngapi, nini kinaanza. Sikulibuni mimi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika huacha kuingilia mawazo mara mtu anapoliwekea mpango mahsusi wa kulitekeleza, hata kabla hajaligusa. Na mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwalaza watu 57 maabara. Wengine waliandika kwa dakika tano kazi zinazowangoja, wengine kazi walizokwisha kuzifanya. Walioandika zinazowangoja walipata usingizi mapema zaidi, kwa takriban dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na undani ndivyo walivyowahi kulala. Mimi ningetabiri kinyume. Ningesema ukiandika shida zako usiku utaziota. Mke wangu ananicheka kwamba nafunga vitabu vya nyumbani kama vya duka, lakini yeye naye siku hizi ananitumia mambo yake niyaandike: gesi, dawa ya mende, kumpigia fundi bomba.

Mbinu nyingine za kutuliza kichwa, zile za kusoma kwenye simu, zimenishinda. Kukimbia alfajiri niliachishwa na mbwa wa mtaani kwetu Kimara. Kutafakari kimya kimya kwa dakika kumi, huku jirani anafungua baa, nawaachia wenye mitaa yao.

Lakini nilikuwa nauliza kuhusu ule mluzi. Jana jioni nilisimama kwenye basi kutoka Gerezani mpaka Kimara, kama kawaida. Kwenye bonde la Jangwani vijana walikuwa wanacheza mpira wa vumbi, kipa wao kavaa kofia ya mama yake, sijui kwa nini, kofia ya ukindu pana kabisa. Akadaka na kofia haikuanguka. Nilicheka peke yangu, na binti aliyesimama mbele yangu akageuka akadhani namcheka yeye. Bonde lile nalipita kila jioni, na hapana shaka wale vijana wapo kila jioni. Juzi sikuwaona. Juzi nilikuwa Jangwani kwa mwili tu. Kichwa kilikuwa kinabishana na mtu wa vipuri kuhusu risiti nyeupe.

Watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, waliwahi kulipima hili kwa kuwashtua watu kwenye simu mchana kutwa na kuwauliza: unafanya nini sasa hivi, unawaza unachokifanya au kingine, na unajisikiaje? Watu wazima 2,250. Matokeo yalichapishwa 2010. Kwa asilimia 46.9 ya nyakati walizoulizwa, mawazo yalikuwa kwingine, na yakiwa kwingine watu walikuwa na furaha pungufu. Kuhama huko kwa mawazo kulieleza furaha ya mtu zaidi kuliko kazi aliyokuwa akiifanya. Kwa hiyo kusimama ndani ya basi lililojaa, kwapa la mtu likiwa usoni, si lazima kuwe shida kubwa kama ninavyolalamika. Nasema si lazima. Kuna makwapa.

Hii ni habari njema hasa kwa mtu wa Simba. Tulichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, kisha Yanga nao wakaanza kuchukua mfululizo wao, na mtu anayengoja ligi imletee furaha angekuwa amekonda. Ya kipa mwenye kofia yapo kila siku na hayana msimu.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kinafungika. Mama yangu yuko Muheza, ana kisukari, na hilo si la tarehe 20. Hakuna siku nitaliwasilisha nikapanda ngazi napiga mluzi. Kwa muda mrefu nilikuwa nampigia ovyo, mara mbili kwa siku nikiingiwa na hofu, kisha kimya, na kila simu ilikuwa mahojiano: umepima, imesoma ngapi, umekula nini. Yeye anachoka, mimi nachoka. Muuguzi wa kliniki yake alituambia kwamba hata hofu yenyewe hupandisha sukari, maana mwili ukishtuka homoni zake huliamuru ini kumwaga sukari kwenye damu, kana kwamba kuna mbio za kukimbia. Mama akanitazama kwa jicho la pembeni. Nilielewa.

Sasa dada yangu anayeishi naye ananitumia namba za vipimo kila Ijumaa, naziweka kwenye jedwali langu, zikiwa mbaya tunazungumza mimi na dada. Jumamosi nampigia mama, na sukari haizungumzwi asipoianza yeye. Tunaongea habari za michungwa, nani kaoa, nani kauza shamba kwa bei ya kutupa. Wiki iliyopita alisimulia ugomvi wa majirani kwa dakika arobaini, na sauti zao akaziigiza zote mbili. Hofu haijaondoka, imo tu, lakini haikai tena kati yetu kwenye simu.

Mwezi ujao nakwenda, tarehe ya basi imo daftarini, pamoja na boksi la stripi za kupimia. Mama naye ana orodha yake: betri za redio, kanga, lakini isiwe ya kijani, na dagaa wa Kigoma. Dagaa wa Mwanza hataki. Nikijaribu kumdanganya, kasema, atajua.